Kuishi Thailand bila kununa

Kila ninapopigiwa simu na kijana wa Arusha, Tunduru au Mahenge anayetaka kuja huku na mawe yake, swali la kwanza huwa bei. La pili huwa chakula. La tatu wengi hulizungukazunguka kabla ya kulitoa: "Mzee, hivi unawezaje kukaa huko miaka yote hiyo na bado una furaha?"

Jibu langu huwaudhi. Wanategemea niwaambie habari za kuwaza mazuri na kujipa moyo kila asubuhi mbele ya kioo. Mimi huwaambia wanunue kalenda ya ukutani.

Naishi Chanthaburi, mji ulio kilomita kama 245 kusini-mashariki ya Bangkok, si mbali na mpaka wa Kambodia. Watalii wengi hawaufiki, wao ni Phuket na Pattaya. Lakini kwa watu wa mawe, mji huu ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye ramani. Zamani rubi na safaya zilichimbwa hapa hapa na katika mkoa jirani wa Trat, na ng'ambo ya mpaka huko Pailin. Migodi hiyo ikachoka. Ujuzi haukuchoka: kukata, kung'arisha, na zaidi ya yote kuchoma. Safaya iliyopauka inaingizwa katika tanuru lenye joto la nyuzi 1,600 na kuendelea, na fundi akijua kazi yake inatoka na rangi ambayo mwenyewe uliyeipeleka hutaitambua. Ndiyo maana mawe ya Msumbiji, Madagaska, Sri Lanka na kwetu Tanzania yanapanda ndege kuja katika mji ambao wenyewe hauna tena mawe mengi ya kuchimba. Na sisi tunapanda ndege nyuma yake.

Lakini Wathai niliwajua kabla sijaijua Thailand. Katikati ya miaka ya 1990, Tunduru ilipovuma kwa safaya, mimi nilikuwa kijana wa Tanga niliyekwenda kujaribu bahati kama maelfu ya wengine. Wanunuzi wa Kithai walikuja na fedha taslimu, wakapanga vyumba katika gesti za mabati, wakaweka meza nje. Sisi tuliwaita wote Wachina. Watoto waliwafuata nyuma wakiwaigiza lugha yao kwa sauti za puani, na wakubwa tulikaa tukicheka. Wali waliuziwa kwa bei ya juu, teksi kwa bei ya juu, hata maji.

Wawili kati yao siwasahau. Mmoja alijifungia gesti na jiko lake la mafuta ya taa, sufuria ya wali na chupa za mchuzi wa samaki alizotoka nazo kwao. Alikuwa na kila sababu ya kujificha, kwa kuwa mji ule haukuwa mwepesi. Lakini mawe mabovu yote ya Tunduru yaliishia kwake, kwa kuwa hakuna aliyemwonea haya. Mwenzake, mtu wa makamo, kila asubuhi alikunywa chai na chapati kwa mama ntilie yule yule, akawaamkia wazee kwa shikamoo iliyopinda, akalipa, akaondoka. Haukupita muda mrefu mama ntilie akawa anamfukuzia watoto wanaomwigiza. Na sisi mabroka tukaanza kuona vibaya kumpelekea jiwe lenye ufa tukamwambia ni zima.

Nimekuja kuyafikiria yale nikiwa upande wa pili wa meza. Huku mimi ndiye Mchina wa Tunduru.

Sasa turudi kwenye kalenda. Mgeni anayekaa Thailand zaidi ya siku 90 mfululizo lazima aiarifu idara ya uhamiaji anakoishi, na arudie hivyo kila baada ya siku 90. Taarifa hupokewa kuanzia siku 15 kabla ya tarehe yenyewe hadi siku 7 baada yake. Ukichelewa, faini ni baht 2,000. Hiyo si viza wala haiongezi viza; ni kusema tu kwamba bado nipo, na nipo pale pale. Mwenye nyumba naye anatakiwa atoe taarifa ndani ya saa 24 kwamba amepokea mgeni, kwa fomu inayoitwa TM.30, na asipofanya hivyo ni wewe utakayerudishwa dirishani. Ukizidisha muda wa viza, kila siku ni baht 500 hadi zifike 20,000. Ukizidisha kwa zaidi ya siku 90, hata ukijipeleka mwenyewe uwanja wa ndege na kulipa, unafungiwa kurudi kwa mwaka mmoja au zaidi. Ukikamatwa mtaani, marufuku ya kurudi inaanzia miaka 5.

Anayetaka kufanya kazi kihalali anahitaji viza ya biashara na kibali cha kazi. Kampuni inayomwombea kwa kawaida iwe na mtaji uliosajiliwa wa baht milioni 2 na waajiriwa wanne wa Kithai kwa kila mgeni mmoja. Viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi, hata kama unaowaona sokoni wanafanya. Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo usisafiri kwa maneno yangu. Uliza ubalozi wa Thailand kabla hujakata tiketi. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani, maana sisi tunaotoka Tanzania na Kenya tunadaiwa kuionyesha.

Msomaji atauliza haya yana uhusiano gani na furaha. Yana uhusiano wote. Nilimjua kijana mmoja, sitamtaja wala nchi yake, aliyekuwa mcheshi kuliko sisi sote. Viza yake ikapita tarehe. Kwanza akaacha kwenda sokoni mchana. Halafu akaacha kupanda basi la Bangkok, maana njiani hukaguliwa. Halafu akaanza kusema Wathai ni watu wabaya, wanafiki, wabaguzi, chakula chao kinanuka, na mvua yao ikawa na lake. Wathai hawakuwa wamemfanya lolote jipya. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa kila kiatu cha polisi hawezi kuipenda nchi yoyote ile. Wengi ninaowaona wamechukia Thailand wameichukia namna hiyo, kwa tarehe iliyowapita.

Tarehe zenyewe nazo zina mtego. Thailand inahesabu miaka ya Kibudha, ambayo iko mbele ya yetu kwa miaka 543. Mwaka 2025 kwao ni 2568. Mkataba wa nyumba, risiti, cheti cha hospitali, vyote vinaweza kuandikwa hivyo. Mimi kwenye kalenda yangu naandika miaka yote miwili, na tarehe za uhamiaji nazizungushia wino mwekundu.

Soko la mawe hapa hufanyika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, katika barabara ya Si Chan na vichochoro vyake. Mtu wa Mererani hatapotea: mnunuzi anakaa, broka anatembea. Mnunuzi hukodi meza, akaweka taa, mizani, trei nyeupe na kikokotoo, na pengine akabandika karatasi ya kile anachokitafuta wiki hiyo. Mabroka wanapita na mawe yao katika karatasi zilizokunjwa, Wathai kwa Wasri Lanka, Waguinea, Wagambia, Wamali, na sisi wachache wa Kiswahili.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alipokuja mara ya kwanza, nilimpeleka akiwa na spineli za Mahenge, zile za waridi linalokaribia kuwaka. Nilimwonya njia nzima. Mnunuzi wa meza ya kwanza aliifungua karatasi taratibu, akalinyanyua jiwe kwa kibano, akaligeuza chini ya taa, akalimulika kwa tochi, akalirudisha. Hakusema neno. Akaandika namba kwenye kikokotoo na kumgeuzia. Namba haikufika nusu ya tuliyoitaka.

Mpwa wangu akafanya ambacho broka yeyote angekifanya Tunduru. Akacheka kwa sauti, akapiga meza kwa kiganja, akamwita Mungu ashuhudie, akaanza kukunja karatasi zake kama mtu aliyetukaniwa mama. Kwetu hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Pale, meza za jirani zilinyamaza. Mnunuzi akatabasamu, tabasamu zuri kabisa, akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, akamwita broka aliyekuwa nyuma yetu. Mchana ule mzima, katika safu ile, hakuna mkono uliotupungia.

"Mjomba, kwani nimemtukana?"

"Hujamtukana. Umemfanya aangaliwe na watu."

Kinachotakiwa ni kidogo tu. Unakichukua kikokotoo, unafuta, unaandika yako, unamgeuzia, unatulia. Anafuta, anaandika. Unafuta. Sauti haipandi. Mkifika mahali ambapo yeye hapandi tena na wewe huna ruhusa ya kushuka, anaandika bei yake juu ya karatasi ya jiwe, anaifunga kwa utepe wa gundi na kutia saini juu ya utepe. Kuanzia hapo jiwe lile humwonyeshi mtu mwingine mpaka umpelekee jibu. Unampigia mwenye mali, iwe yuko Mahenge au yuko hoteli ya ng'ambo ya barabara. Akikubali, unarudi na karatasi ikiwa na utepe wake, na unalipwa. Akikataa, unarudi pia, utepe unakatwa mbele ya mnunuzi, mnaagana kwa heshima. Broka aliyefungua utepe njiani habari zake zinafika kila meza kabla yeye mwenyewe hajafika.

Spineli zile ziliuzwa, si siku ile. Mpwa wangu alikaa na karatasi yenye utepe mfukoni usiku mzima akiipapasa, akilalamika kwamba biashara ya kunong'ona haina ladha. Siku hizi anainong'ona vizuri kuliko mimi. Kilichomtatiza baadaye ni ujumbe wa simu. Alimtumia mnunuzi mmoja picha ya jiwe pamoja na bei, akajibiwa 555. Akanikimbilia amechangamka kwamba tumepewa dola 555 kwa karati. Tano kwa Kithai hutamkwa "ha". Yule mnunuzi alikuwa anacheka.

Wageni wengi, hasa wa Ulaya, nawasikia wakilalamika kwamba Wathai hawasemi ukweli, kwamba anakukatalia huku anatabasamu na wewe hujui umekataliwa. Mimi lawama hiyo siipokei. Mtu wa Pwani aliyelelewa kusema "inshallah tutaona" pale anapokusudia kusema "sitaki" hana mdomo wa kumlaumu Mthai. Nikiwa Tanga nilijua kusoma inshallah ya kweli na inshallah ya kukufukuza kwa adabu, na sikufundishwa na mtu. Huku ninasoma tabasamu kwa njia hiyo hiyo: natazama kama amegusa tena karatasi ya jiwe au la.

Yapo mambo ambayo hayana mjadala wala mzaha. Mfalme na jamaa yake hawazungumzwi ovyo. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na mgeni hasameheki kwa ugeni wake. Noti zote zina picha ya mfalme, kwa hiyo noti ikipeperuka usiikanyage kuizuia. Na wimbo wa taifa ukipigwa mahali pa umma, saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, watu wakisimama nawe simama. Kichwa cha mtu usikiguse, hata cha mtoto unayempenda. Nyayo usimwelekezee mtu wala sanamu ya Buddha. Hayo hujifunzwa siku moja.

Suala la rangi halijifunzwi siku moja, na sitalipamba. Kwenye basi, kiti kilicho kando yangu mara nyingi ndicho cha mwisho kukaliwa. Maduka ya vipodozi yamejaa krimu za kung'arisha ngozi, na anayekuuzia anakutazama kwa huruma. Nimewahi kupiga simu kuulizia nyumba nikajibiwa iko wazi, na nilipofika imekwisha pangishwa. Walimu wa Kiafrika wanaofundisha Kiingereza shuleni wananiambia kwamba Mzungu mwenye elimu ndogo kuliko yao hupewa mshahara mkubwa kuliko wao, na sina sababu ya kutowaamini. Polisi wakisimamisha watu, sisi huwa hatusahauliki.

Katika hayo nimejiwekea utaratibu. Anayenitazama kwa sababu hajapata kuona mtu kama mimi, nampa muda, kama wale watoto wa Tunduru walivyokuwa wanahitaji muda. Bibi mmoja sokoni aliwahi kunipapasa mkono aone kama rangi inatoka. Nilimpa na wa pili. Anayeninyima haki yangu kwa kujua, huyo simpi tabasamu, namwandikia. Barua ya heshima, yenye tarehe na risiti, iliyoandikwa kwa Kithai na mtu ninayemwamini, imenifaa kuliko kelele zote ningeweza kuzipiga. Na askari akiniomba pasipoti, ninayo na iko safi, mazungumzo hayamalizi dakika mbili. Ukiwa na kosa la tarehe huwezi kudai haki yako hata pale ulipoonewa waziwazi. Hilo ndilo linalonifanya niwe mkali kwa vijana juu ya kalenda.

Lugha inatisha mwanzoni kwa sababu ya sauti zake tano: silabi moja, ukiipandisha au kuishusha, imekuwa neno jingine. Anza na namba, maana namba ndizo zinazokulinda sokoni. Halafu jifunze saa, na hapa Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Wathai katika mazungumzo ya kawaida huhesabu saa za usiku kama sisi. Saa moja usiku kwao ni moja, saa mbili usiku ni mbili, mpaka saa tano. Mwalimu wangu wa lugha alikuwa ameandaa somo zima la kunieleza jambo hilo, kwa kuwa huwatoa jasho wanafunzi wake wa Kizungu. Nilipomwambia kwamba mama yangu anahesabu hivyo hivyo alifunga daftari, akaniletea chai. Asubuhi na mchana hesabu zao zinavurugika kidogo, basi usijidai sana.

Chakula. Mtu atakwambia Thailand utakula wali na nazi, kwa hiyo uko nyumbani. Ni kweli nusu. Nguruwe yuko karibu kila mahali, mpaka kwenye mafuta ya kukaangia, na Waislamu wa nchi hii wengi wao wako mikoa ya kusini, si huku mashariki. Nembo ya halali kwenye pakiti inasaidia, lakini bakuli la mchuzi wa barabarani halina nembo. Ugali ni shida nyingine. Muhogo uko mwingi ajabu, nchi hii inauza nje bidhaa za muhogo kuliko nyingine yoyote duniani, lakini unachokikuta dukani ni wanga wake uliochujwa. Ukiusonga kama unga wa udaga unapata gundi inayong'aa. Mchicha upo, tena mzuri. Na lile jani linalokaangwa na vitunguu saumu kila mgahawa, lenye shina lenye uwazi ndani, ni ndugu wa tembele kabisa.

Aliyenitoa kwenye njaa ya mwanzo ni mwenye nyumba wangu, mjane wa miaka sabini hivi ambaye mtaa mzima unamwita Pa, kwa maana ya shangazi, nami nikamwita hivyo. Alikuwa akiniogopa. Kodi aliipokea kupitia mjukuu. Siku moja nilimkuta uani amekaa juu ya kigoda kifupi chenye ulimi wa chuma wenye meno, anakuna nazi. Kigoda chenyewe kilichongwa umbo la sungura, masikio na yote, lakini kilikuwa mbuzi ya nazi, hakuna namna ya kukosea. Sikuwa na Kithai cha kumweleza. Nilivua viatu, nikaomba kwa ishara, nikakaa, nikachukua kifuu.

Mama yangu alinikunisha nazi tangu nina miaka saba. Pa aliutazama mkono wangu unavyozungusha kifuu, akaita jirani. Jirani akaita wengine. Wakasimama wanaume wawili na wanawake kadhaa wakitazama Mwafrika anakuna nazi bila kufika kwenye ganda jeusi, na Pa akiwa anaeleza kwa fahari kama vile ndiye aliyenifundisha. Tui lile liliingia kwenye unga wa mchele, na unga ukamiminwa katika chuma chenye vishimo vya duara ambacho dada yangu angekinyakua na kukimbia nacho Tanga. Vitumbua vyao haviumuliwi kwa hamira, havina iliki, na juu hunyunyiziwa majani ya kitunguu; viwili vinafunikizwa uso kwa uso. Mimi navipenda kwa chai bila yale majani. Pa anaona huo ni ushenzi, na hunitengea vyangu pembeni.

Tangu hapo kodi anapokea mwenyewe, na fomu ya TM.30 anaikumbuka kabla yangu. Muuza samaki wa pembeni aliponipandishia bei, Pa alimwendea. Sijui alimwambia nini. Bei ilishuka, na mwenye samaki akawa ananiita kwa mbali. Ningeweza kujisomea vitabu vyote vya kujipa moyo nisipate kitu cha kufikia hicho.

Mwezi wa tano na wa sita uani kwa Pa hakupitiki, kwa kuwa huo ndio msimu, na Chanthaburi ni mkoa wa matunda kabla ya kuwa mkoa wa mawe. Doriani niliijua Unguja kwa shangazi yangu, na shokishoki pia, ila kule zililetwa kwa vikapu. Hapa zinapita kwa malori. Wenzangu wa bara hukimbia harufu ya doriani, na hoteli nyingi zimebandika onyo mlangoni kwamba haziiruhusu ndani. Anayekuja msimu huo asile doriani akashushia na pombe, wenyeji wanasema ni hatari. Mimi pombe sinywi, kwa hiyo ushahidi sina.

Simu za nyumbani zina kanuni yake. Tofauti ni saa nne, hivyo saa tatu usiku kwangu ni saa kumi na moja jioni Tanga, wakati watu wako barazani. Napiga muda huo, si usiku wa manane wa kwao, kwa sababu simu ya usiku wa manane huwa ni ya upweke na upweke hukusemesha vibaya. Nilikuwa nikituma picha za hekalu na sinema za mji. Jamaa wakaamini nimeokota rubi. Sasa natuma picha za foleni ya uhamiaji, na maombi ya fedha yamepungua kiasi cha kuridhisha.

Jumapili soko likifungwa tunakutana kwa Mkenya mmoja anayefundisha Kiingereza shule ya mkoa. Tuko wachache: yeye, mimi na mpwa wangu, Mkongo wa Bukavu, na jamaa wawili wa Cabo Delgado waliokuja na rubi za Montepuez, ambao Kiswahili chao cha pwani ya Msumbiji kinanikumbusha wazee wangu. Kulalamika kunaruhusiwa mpaka chai iishe. Hapo kila mtu hutoa lake, polisi, mnunuzi bahili, mvua, bosi, na mwenye uchungu zaidi hupewa sambusa ya mwisho. Vikombe vikishaoshwa, malalamiko yamefungwa, na Mkenya anauliza tarehe za kila mmoja, kwa sauti, kama anaita mahudhurio darasani. Wapya hukereka. Mmoja alisema hakuvuka bahari kuja kuulizwa viza na Waafrika wenzake. Aliulizwa hata hivyo.

Kisha huja agenda ngumu kuliko zote: nani anasafiri, na atabeba nini akirudi. Mara ya mwisho alikuwa mpwa wangu, anapitia Addis Ababa, begi kilo 23. Mkongo aliagiza unga wa muhogo. Wale wa Msumbiji waliagiza dagaa. Mkenya, mtu msomi, mwenye shahada, aliagiza kilo kumi za unga wa sembe na majani ya chai.

"Mwalimu," mpwa wangu akamwambia, "na nguo zangu nizivae zote?"

"Huko Addis kuna baridi," Mkenya akamjibu. "Vaa."

Waliafikiana kilo sita, baada ya mabishano marefu ambayo kwenye soko la mawe yangewafukuzisha wote wawili. Majani ya chai bado wanabishania.